Akiba ya Uzeeni na Watoto Waliokwisha Kukua

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Halmashauri ya chama imetutaka tuseme machache juu ya fedha ya uzeeni. Shauri hili tulilipokea kwa furaha, walakini tuliomba ruhusa tuliunganishe na jambo la pili, ambalo halitajwi sana mikutanoni ingawa kila mmoja wetu hulala nalo kitandani usiku, nalo ni watoto wetu waliokwisha kuwa watu wazima na msaada wanaoutaka kwetu. Kwa maoni yetu mambo haya mawili ni jambo moja. Hakuna mtumishi anayefikia kiasi cha akiba alichojiwekea, ila yuko mtoto wake mtu mzima ambaye naye amekuwa akikihesabu.

Sisi tunaosema nanyi ni wazee tuliokwisha kuacha kazi, pamoja na wachache ambao miezi yao ya kazi iliyobaki yahesabika kwa vidole. Hatukuja kama wataalamu. Tumekuja kama makarani walioketi na karatasi wakapiga hesabu, kazi ambayo makarani wa nchi hii wameizoea tangu zamani. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, chini ya uongozi wa Bwana Martin Kayamba, wenzetu wale walikutana ili wasemee haki za kazi zao. Haki ya pensheni tunayo siku hizi. Kilichobaki kutushinda ni kuitumia.

Na tuanze na hesabu yenyewe, kwa maana wengi hulipwa wasijue namna ilivyopatikana. Mtumishi wa umma katika Tanzania huchangiwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne iliyokuwapo, PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Yeye hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri hutia asilimia 15. Aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Akifika, huchukuliwa wastani wa mshahara wake wa mwaka, ukazidishwa kwa miezi aliyochangia, ukagawanywa kwa 580. Jibu ndilo pensheni nzima ya mwaka. Katika hiyo, sehemu hulipwa mara moja kwa mkupuo, na wengi wetu bado twaiita kiinua mgongo. Iliyobaki hulipwa kila mwezi. Sehemu ya mkupuo huzidishwa kwa 12.5, namba iliyoelezwa kuwa ni miaka ambayo mstaafu anakadiriwa kuishi baada ya kazi.

Tuchukue mtu aliyefanya kazi miaka 35, yaani miezi 420, na wastani wa mshahara wake ni Sh. 1,200,000 kwa mwezi. Pensheni yake nzima ya mwaka ni Sh. 10,427,586. Kwa kanuni iliyotangazwa katika bajeti ya Juni 2024, ambayo ilipandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi asilimia 40 kwa kundi la watumishi ambao zamani walikuwa wakipata asilimia 50, mtu huyu hupokea mkupuo wa Sh. 52,137,931, na baada ya hapo Sh. 521,379 kila mwezi.

Sasa yatazameni tena hayo mafungu mawili. La kwanza ni sawasawa na la pili mara 100. Hii haikutokea kwa bahati ya mshahara tuliouchagua. Jaribuni mshahara wowote, na miezi yoyote ya kazi, mtapata 100 ile ile, kwa sababu ndivyo kanuni ilivyojengwa. Basi mkupuo ule ambao mtaani huitwa utajiri ni mishahara 100 ya uzeeni iliyofungwa pamoja, nayo ni miaka 8 na miezi 4. Mtu akistaafu na miaka 60, na Mungu akamjalia kufika 80, amebakiwa na miezi 240 ya kuishi.

Twajua kuna wenzetu ambao hesabu hii yawaumiza. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya PSPF na LAPF, mtu yule yule angaligawanyiwa kwa 540, akapewa nusu, ikazidishwa kwa 15.5, na mkupuo wake ungalikuwa Sh. 86,800,000. Mwaka 2018 ilitolewa kanuni ya asilimia 25 kwa wote; kelele ikawa kubwa, na tarehe 28 Desemba mwaka ule Rais Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani uendelee mpaka 2023. Kabla muda huo haujatimia ikaja asilimia 33, Julai 2022. Wako watumishi waliowaahidi watoto wao shamba, nyumba na ada kwa kuitegemea ile 86,800,000, na ahadi haikufutika siku kanuni ilipobadilika. Mtoto hakusoma kanuni, aliisikia ahadi. Tusicheke jambo hili, maana limevunja nyumba za watu waadilifu.

Hata hivyo, yatupasa kusema lingine ambalo halipendezi masikioni. Kutoka asilimia 33 hadi 40, mtu wa mfano wetu ameongezewa Sh. 9,124,138 mkononi, lakini kila mwezi amepunguziwa Sh. 60,828. Gawanyeni, mtaona kuwa ni miezi 150. Fedha ya mkupuo haikushuka kutoka mbinguni. Imenunuliwa kwa pensheni ya mwezi. Anayepigania mkupuo mkubwa ana haki yake, hasa ikiwa anadaiwa au ni mgonjwa, lakini ajue bei yake.

Ndiyo sababu twapenda kutoa shauri moja, na mengine yote tutakayosema yanatoka humo. Mtoto mtu mzima ajapo na haja yake, msiihesabu haja hiyo kwa shilingi. Ihesabuni kwa miezi. Kijana akiomba Sh. 8,000,000 za kununulia bajaji, kwa mtu wa mfano wetu ni miezi 15 na kitu ya kula, kutibiwa na kulipa umeme. Binti akitaka Sh. 2,000,000 za kulipia chumba na vitu vya kuanzia maisha, ni karibu miezi 4. Shilingi hudanganya, kwa kuwa siku mkupuo ulipoingia benki milioni mbili zaonekana kama maji katika bahari. Mwezi haudanganyi. Kila mtu ajua mwezi mmoja ni mrefu kiasi gani, hasa baada ya tarehe 20.

Msidhani twasema haya ili mwanyime watoto. Wengi wetu tulisomeshwa na wazazi waliouza ng'ombe, kahawa, mkonge au samaki, wala hawakutuuliza miezi. Tena watoto wetu hawakukuta nchi tuliyoikuta. Sisi tulimaliza masomo, barua ya kazi ikatufuata. Wao humaliza chuo wakakaa barazani miaka mitatu na vyeti vyao ndani ya bahasha. Na aliyepata kazi naye yu mashakani. Ikiwa alisoma kwa fedha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Kijana wa mshahara wa Sh. 800,000 huacha hapo Sh. 120,000, na Sh. 40,000 nyingine kwa mfuko wa pensheni, kabla ya kodi ya Serikali na bima. Kisha mwenye nyumba mjini humtaka kodi ya miezi 6 mbele, pengine mwaka mzima. Mzazi amwonaye kijana wa namna hii akamwita mvivu, hajapiga hesabu.

Kwa sheria, mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa desturi zetu mtoto ni mtoto hata akiota mvi. Kati ya sheria na desturi kuna nafasi pana, na humo ndimo mkupuo wa mstaafu upoteamo.

Tutawaambia habari za mwenzetu mmoja bila kumtaja jina, maana yu hai na twamheshimu. Alikuwa na watoto watatu. Alipostaafu, mkubwa akaja na shauri la duka la vifaa vya ujenzi, shauri lililoandikwa vizuri kwa mashine, lenye safu za faida mpaka mwaka wa tano. Mwenzetu akampa zaidi ya nusu ya mkupuo. Duka lilifunguliwa, likachinjwa mbuzi, na kabla ya miaka miwili mlango ukafungwa. Hatusemi kijana alikula fedha. Biashara hufa kama mazao yafavyo. Nusu iliyobaki ikaenda kidogo kidogo katika kuliokoa duka, kwa sababu aliyekwisha kutia nyingi huona vibaya kukataa kidogo. Mzee akaugua. Aliyemchukua ni binti yake wa mwisho, mwenye vyumba viwili vya kupanga na watoto wawili, ambaye siku ya kugawa hakuuliza chochote na hakupewa chochote. Mpaka leo yeye ndiye ampelekaye hospitali na kulipa dawa.

Hilo ndilo twaomba mlifikiri. Mtu hudhani kwamba akitoa kupita kiasi atajiumiza mwenyewe, na kwa upendo yuko tayari kuumia. Lakini mzee aliyeishiwa haumii peke yake. Huwaangukia watoto, na mara nyingi humwangukia yule mpole ambaye hakudai. Kwa hiyo akiba ya mzazi ina mwenyewe wa pili, naye ni mtoto atakayemlea. Anayeichukua yote leo amechukua na ya ndugu yake.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Walimsemea mtoto mdogo, tena mambo yalikuwa rahisi wakati ule kwa sababu mtoto mdogo hulia kwa sauti. Mtu mzima halii. Huacha kupiga simu. Kimya hicho ndicho kimewatoa wazazi wengi fedha kuliko machozi.

Yuko mwingine, bibi mmoja aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi ya Serikali kwa miaka mingi, ambaye tulipenda namna yake. Alipopata barua ya mafao aliwaita watoto wake wanne siku moja, na wakwe zake, akawasomea hesabu yote: mkupuo kiasi hiki, pensheni ya mwezi kiasi hiki, paa la nyumba lataka kiasi hiki. Akasema amekata Sh. 2,000,000 kwa kila mtoto, sawasawa, mwenye kazi na asiye na kazi, na kwamba ni zawadi, harudishiwi. Zaidi ya hapo hana. Kijana wake wa tatu aliondoka amenuna, na kwa mwaka mzima hakusikika. Bibi yule alitueleza kuwa mwaka ule ulikuwa mrefu. Walakini hakuongeza. Kijana siku hizi huja, ingawa bado hutaja jambo lile akishiba.

Wengine katika halmashauri hawakukubaliana nasi juu ya usawa huu. Walisema mtoto asiye na kazi apewe zaidi, na mwenye kazi asipewe kitu, kwa kuwa haki ni kumpa mwenye shida. Neno lao lina uzito, nasi hatuwezi kulipinga kabisa. Tunaona tu kwamba ndugu husahau shida haraka, ila hawasahau kiasi. Anayetaka kumzidishia mmoja na amzidishie mbele ya wote, kwa sababu iliyotajwa, isiwe siri itakayogunduliwa siku ya matanga.

Kuna tofauti nyingine inayofaa kuangaliwa, ya msaada wenye mwisho na usio na mwisho. Kodi ya kwanza ya chumba ina mwisho. Ada ya mwaka uliobaki wa masomo ina mwisho, na cherehani ina mwisho. Lakini matumizi ya kila mwezi kwa mtu mwenye nguvu hayana mwisho, na kila mwezi hupandwa mbegu ya mwezi unaofuata. Mkiweza, toeni zile zenye mwisho, hata kama ni kubwa kidogo. Na mtoto akirudi nyumbani kwa kukosa pa kuishi, apokewe, apewe chumba. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, sembuse mwenyeji.

Juu ya mikopo tutakuwa wafupi, maana hapa hatuna mashaka. Mtoto akiomba fedha, chagueni neno moja, zawadi au mkopo, mlitamke kabla fedha haijatoka. Fedha isiyo na jina huwa zawadi mkononi mwa mpokeaji na deni moyoni mwa mtoaji. Na msikope benki kwa dhamana ya pensheni ili mumpe mtoto mtaji. Mlipokuwa kazini ilikuwapo kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara. Hata mwajiri aliona kuwa mtu hawezi kukatwa mpaka akabaki mtupu. Uzeeni mtu hana budi kujilinda mwenyewe.

Vivyo hivyo nyumba. Nyumba mliyojenga kwa miaka 20, tofali kwa tofali, isiwekwe rehani kwa biashara ya mtoto. Sheria ya Ndoa ya 1971 yazuia mume au mke kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tumesikia waume wanaoitafuta sahihi ya mke jikoni, wakati wa haraka, karatasi imekunjwa ionekane sehemu ya chini tu. Mabibi mlio hapa, kunjueni karatasi. Na mabwana pia, kwa maana siku hizi hati nyingine zimeandikwa majina ya akina mama.

Tumebakiza neno la siri. Wengi wetu tulilelewa katika desturi ya kuficha mshahara. Baba hakuutaja kwa mama, na watoto walikisia. Desturi hiyo ilikuwa na faida zake zamani, kwani ilizuia maombi ya ukoo mzima. Lakini sasa watoto wetu husoma magazetini asilimia na vikokotoo, nao hujaza pengo kwa kukisia, na makisio ya mtoto juu ya fedha ya baba yake hayajawahi kuwa madogo. Ukimwonyesha kijana karatasi kwamba unapata Sh. 521,379 kwa mwezi, yeye mwenye Sh. 800,000 kabla ya makato, huenda akaona kwa mara ya kwanza kuwa mzazi wake ni mtu wa kiasi kama yeye. Baadhi ya watoto wakishaona hivyo huanza wao kuleta sukari.

Waulizeni pia wao mambo yao. Wanadaiwa nini na Bodi? Wamejiandikisha katika mfuko gani, au mwajiri wao hawachangii kabisa? Mtoto wa miaka 30 aliye katika kazi binafsi bila kuchangiwa popote ana hatari kubwa kuliko ya kukosa bajaji, na mzazi aliyestaafu ndiye mtu afaaye kumwambia, kwa kuwa ameiona faida kwa macho. Msaada wa namna hii haupunguzi mwezi hata mmoja.

Sisi makarani tumeandika daftari za Serikali maisha yetu yote, kila senti mahali pake, tukaogopa mkaguzi kuliko simba. Ni ajabu kwamba nyumbani hatuna hata ukurasa mmoja. Nunueni daftari la shule. Upande mmoja andikeni miezi mliyo nayo, upande wa pili majina ya watoto, na mbele ya kila jina miezi iliyokwisha kwenda, tarehe, na kama ni zawadi au mkopo. Mume na mke watie sahihi wote wawili.

Katika mkutano ujao tumepatana na katibu kwamba baada ya shughuli za kawaida itatengwa saa moja kwa ajili ya hesabu hii. Anayetaka na aje na hati yake ya mshahara ya karibuni pamoja na barua yake ya kwanza ya ajira, ili miezi ihesabiwe tangu mwanzo, majina hayatasomwa. Wenye mwenzi waje naye. Waliobakiza chini ya miezi 24 watatangulia, na sisi wazee tutakuwapo mezani tangu saa kumi. Sasa, kwa ruhusa yako Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kuulizwa.